Nilichojifunza kwa Kutunza Jengo la Mwaka 1910 Harlem

Siku niliyokabidhiwa funguo za jengo hili, mzee aliyenitangulia kwenye kazi hakunipandisha juu. Alinishusha chini ya ardhi. Tukapita chumba cha boila, tukapita mashine za kufulia, akasukuma mlango wa chuma kwa bega, tukatokea nje. Ulikuwa ua wa saruji, kama hatua kumi kwa kumi, umezungukwa na kuta za matofali ghorofa sita kila upande. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha mbingu ambacho kwa umbali ule kilionekana kama mkeka ulioanikwa.

"Hapa utafagia kila Jumatatu, na kila baada ya mvua," akaniambia. "Ukisahau, majani yanaziba mfereji na maji yanaingia kwenye boila."

Nilisimama pale nikiwaza jambo moja tu. Kiwanja cha Manhattan kinauzwa kwa bei ambayo kwetu Muheza ingenunua mashamba ya michungwa usiyoona mwisho wake, halafu mtu anajenga ghorofa na kuacha shimo katikati? Niliona ni hasara tupu. Huu ni mwaka wangu wa tisa nautunza ua ule, na ninataka kueleza jinsi nilivyobadili mawazo. Wengi wetu tulioko huku tunaishi ndani ya majengo ya umri huu. Tunayalaumu kwa rejeta za kupasha joto vyumba zinazopiga kelele na milango isiyofunga vizuri, na hatujui tunakaa ndani ya nini.

Kazi yangu watu wa New York wanaiita "supa". Supa anakaa ndani ya jengo na kulitunza: anafagia, anatoa taka usiku, anazibua mabomba, anaamshwa saa nane za usiku maji yakimwagika. Sheria ya jiji inataka jengo la familia tisa na kuendelea liwe na mtu wa namna hiyo, humo ndani au karibu kabisa. Letu liko Hamilton Heights, upande wa juu wa Harlem. Lina nyumba 30, tano kila ghorofa, na lilijengwa mwaka 1910.

Mwaka huo haukuja kwa bahati. Tarehe 27 Oktoba 1904, treni ya kwanza ya chini ya ardhi ya New York ilianza kubeba abiria, kutoka City Hall kule kusini hadi Broadway na mtaa wa 145, nauli senti tano. Kituo kilichokuwa cha mwisho siku ile ndicho ninachopandia mimi hadi leo. Reli ilipofika, huku kwetu hakukuwa mbali na mjini tena, na wajenzi wakamiminika. Walikuwa wanajenga kwa mkopo, wanauza, wanahamia kiwanja kingine. Kwa muda mfupi mitaa mizima ikajaa majengo yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja: ghorofa ya chini imevikwa jiwe la chokaa, juu yake matofali mazuri ya rangi moja, mapambo ya udongo wa kuchoma juu ya madirisha, na ukingo wa paa uliotokeza mbele kwa madaha.

Ukingo ule niliupanda mwaka wangu wa pili kuupaka rangi. Kutoka barabarani niliamini ni jiwe la kuchonga. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe. Ni bati, limefinyangwa kiwandani na kupakwa rangi ili lifanane na jiwe. Nikashuka, nikazunguka uani, nikaanza kutazama kwa jicho jingine. Matofali mazuri yanapinda kona futi mbili tu, kisha yanaanza ya kawaida, yale ya bei nafuu, yasiyo na mpangilio. Mjenzi alimalizia fedha zake zote pale mpita njia anapoona.

Ndipo swali lilipoanza kunisumbua. Mtu aliyepaka bati rangi ili kuokoa gharama ya jiwe, angeachaje eneo kubwa namna ile la kiwanja chake liwe tupu? Asingeacha kwa kupenda. Kuna aliyemlazimisha.

Jibu nililipata mbali na hapa, Orchard Street namba 97, kusini mwa Manhattan. Nyumba ile ilijengwa 1863, watu wakaacha kuishi humo 1935, na leo ni makumbusho. Viwanja vingi vya mji huu vilikatwa futi 25 kwa 100, na mwenye kiwanja zamani alijenga karibu chote. Vyumba vikafuatana kama mabehewa. Cha mbele kina dirisha la barabarani, vinavyofuata havina kitu. Tuliingia kwenye chumba cha kulala saa sita za mchana na kilikuwa giza. Katikati ya ukuta wa ndani, kati ya chumba na chumba, mtu alikata dirisha. Lina fremu, lina vioo, kila kitu kama dirisha lolote, ila ng'ambo yake hakuna nje, kuna chumba kingine tu. Liliwekwa ili chumba cha giza kiombe mwanga kwa jirani yake. Kundi langu lilikwishaenda mbele na mimi bado nimesimama pale. Nimekulia kwenye nyumba maskini, lakini jua hatukuwahi kuliomba kwa mtu.

Mwaka 1879 sheria ilitaka kila chumba kiwe na dirisha linalotazama hewa. Wajenzi wakatii kwa namna yao. Walilibana jengo kiunoni kidogo, na majengo mawili yaliposimama bega kwa bega pakabaki kati yao tundu jembamba la hewa, kama futi tano upana, linaloshuka toka paani hadi chini. Dirisha likawa limepatikana, lakini likawa linachungulia tundu. Wa juu walitupa taka humo na harufu ikawapandia wote. Mtoto akilia nyumba moja, jengo zima linasikia. Moto ukianza chini, tundu linageuka bomba la moshi na kuurusha ghorofa kwa ghorofa.

Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa mwandishi wa habari, alipiga picha za maisha ya humo hadi wakubwa wakashindwa kusema hawakujua. Lawrence Veiller, mpigania nyumba bora, akaandaa maonyesho mwaka 1900, yenye ramani zilizoonyesha wagonjwa wa kifua kikuu walipokuwa wanaishi, nyumba kwa nyumba, na mfano mdogo wa mtaa mzima watu wauone kwa juu ulivyojazana. Mwaka 1901 ikapita sheria mpya. Ilidai ua wa kweli, si tundu. Kila chumba kiwe na dirisha la nje. Kila nyumba iwe na maji yake na choo chake ndani. Ngazi zisishike moto kirahisi. Wajenzi walipinga sana, na hesabu zao zikavurugika kweli, kwa sababu kiwanja kimoja cha futi 25 hakikulipa tena ukishatoa ua. Wakawa wananunua viwanja viwili au vitatu pamoja na kuchora upya. Letu, ukilitazama kutoka angani, lina umbo la herufi O.

Hata ghorofa sita zina maelezo yake. Ukivuka sita, sheria ilitaka jengo lote lijengwe kwa vifaa visivyoungua, na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Kwa hiyo mjenzi akaishia sita, akaweka sakafu za mbao juu ya boriti za mbao. Tena maji ya bomba la jiji yanapanda yenyewe kwa nguvu zake hadi usawa huo, ndiyo maana paa letu halina lile tangi la mbao lenye kofia ambalo wageni wa New York hupenda kulipiga picha.

Na sheria haikuchagua. Nyumba yoyote ya familia tatu au zaidi, kila moja ikijipikia kwake, iliingia humo, ya maskini na ya tajiri. Kule Broadway kati ya mtaa wa 78 na 79 kuna jengo la Apthorp, lililokamilika 1908 kwa fedha za tajiri William Waldorf Astor. Linachukua mtaa mzima wenye pande nne, na ua wake ni bustani. Wasanifu wake, Clinton na Russell, walikwisha kumjengea Astor huyo huyo Graham Court hapa Harlem mwaka 1901, ghorofa nane kuzunguka ua mkubwa unaoingiwa kwa lango la tao. Nimesimama langoni pale. Ua wao una miti, wangu una mfereji na ndoo za taka. Lakini mwanga unaoshuka uani kwangu unamfikia mpangaji wa chini, na alistahili kuupata kama yule wa Broadway. Hilo lilinifanya nianze kufagia kwa moyo.

Kosa langu kubwa nililifanya baridi ya kwanza nilipobaki peke yangu.

Asiyewahi kukaa huku anisikilize kidogo. Chini kuna boila inayochemsha maji. Mvuke unapanda wenyewe kwenye mabomba bila pampu, unaingia kwenye rejeta za chuma zito zilizoko kila chumba. Usifikirie rejeta ya gari, hizi zinasimama sakafuni kwa miguu minne na zina uzito wa kuvunja mgongo. Kwenye majengo mengi ya wakati ule bomba ni moja tu. Mvuke unapandia humo, ukipoa na kuwa maji yanashukia humo humo. Kwa hiyo rejeta inatakiwa iiname kidogo kuelekea kwenye koki ili maji yapate njia ya kurudi. Na koki ama uifungue yote ama uifunge yote. Ukiiacha nusu, mvuke unaingia na maji yanakosa pa kutokea.

Mimi sikujua. Dada mmoja wa ghorofa ya nne alilalamika kwamba chumba chake kinachoma kama tanuri. Kwa akili ya jiko la gesi, nikaipunguza koki nusu. Usiku rejeta ikaanza kugonga, mlio wa nyundo juu ya reli, jengo zima likaamka. Kesho yake nikaona inayumba, nikachonga kipande cha mbao nikakisukumiza chini ya mguu. Mguu wa upande wa koki. Yaani nikaiinamisha kinyume. Maji yakajikusanya mwisho kule, siku ya tatu yakatafuta tundu dogo la kutolea hewa, yakawa yanatoka hapo usiku kucha. Alfajiri kipande cha dari ya ghorofa ya tatu, ukubwa wa mlango, kikaanguka kitandani kwa mama mmoja mtu mzima. Alikuwa jikoni anachemsha kahawa. Dakika kumi kabla ya hapo alikuwa amelala.

Nilifika nikitetemeka. Alikuwa amekaa kwenye kiti, vumbi jeupe limemjaa kichwani.

"Mwanangu," akaniambia, "umelisikia bomba likigonga siku tatu?"

"Nimelisikia, Mama."

"Ukadhani linaimba?"

Sikuwa na jibu. Yule mzee aliyenitangulia alikuwa amestaafu, lakini alikuja nilipompigia simu, kutoka Bronx, kwenye theluji, bila kuniuliza mara mbili. Hakutazama dari. Alipanda ghorofa ya nne, akatoa pima maji mfukoni, akaliweka juu ya rejeta na kunionyesha kitone cha hewa kilivyokimbilia upande usiotakiwa. Akakitoa kipande changu cha mbao, akakiweka chini ya mguu wa upande wa pili. Akafungua koki hadi mwisho. Nusu saa baadaye rejeta ilikuwa kimya, ila ule mlio mdogo wa hewa kutoka, kama mtu anayepumua usingizini. Joto la dada likapunguzwa kwa kubadilisha kile kitoa hewa tu, kitu kinachotosha kiganjani. Tangu siku hiyo, wiki ya mwisho ya Septemba, kabla msimu wa joto wa kisheria haujaanza Oktoba mosi, napita nyumba kwa nyumba na pima maji langu. Nikisikia bomba linagonga naenda usiku huo huo.

Lakini dari ilinipa zaidi ya aibu. Nilipopanda ngazi kusafisha kingo za lile tundu, nilikutana na fito. Vipande vya mbao vyembamba, upana wa vidole viwili, vimepigiliwa misumari kwenye boriti, vimeachiana nafasi ndogo zilizo sawa. Fundi wa zamani alisukuma lipu ya chokaa kwa nguvu ipenye kwenye zile nafasi, na ikifika ng'ambo inajikunja kama ndoano na kuganda. Ndoano hizo ndizo zinazobeba dari yote. Maji yalizilainisha, uzito ukashinda. Nikachukua bonge moja na kulivunja mkononi. Ndani mlikuwa na nywele fupi za mnyama, nyekundu, zimechanganywa na chokaa ili isipasuke inapokauka.

Niliketi juu ya ngazi ile. Bibi yangu alikandika nyumba yake mwenyewe, fito na udongo, na mimi ndiye niliyetumwa kuukanyaga udongo pamoja na nyasi kavu hadi ushikane. Alikuwa akisema udongo usio na nyasi ni deni, utaulipa jua likiwaka. Nilikuja Marekani nikiamini nimeziacha nyumba za fito nyuma yangu. Kumbe nilikuwa nalala chini ya dari ya fito mjini New York, na aliyeikandika alijua alichokijua bibi yangu.

Mkandarasi aliyeitwa alishauri tubomoe dari nzima tuweke bodi za jipsamu, siku mbili kazi imekwisha. Mama akakataa. Alisema dari hii imemstahimili kwa miaka zaidi ya 60, kipande kilichoanguka kimeangushwa na maji, si na uzee. Basi tukaziba kwa njia ya asili. Tabaka la kwanza la kukwaruza, la pili la kusawazisha, la tatu jembamba laini, na kila moja lisubiriwe likauke. Fundi alikuwa mtaalamu wa lipu, mimi msaidizi wake. Ilichukua zaidi ya wiki mbili.

Hapa nitoke njiani kidogo, kwa sababu ya wenye watoto. Pembeni mwa dari kulikuwa na fremu ya mlango iliyobanduka rangi, nikahesabu matabaka kumi na moja. Nilikwisha kushika msasa nianze kuisugua. Fundi akanishika mkono. New York ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi kwenye nyumba za kuishi mwaka 1960, kwa hiyo jengo la zamani kuliko hapo uhesabu kwamba risasi ipo, chini ya rangi mpya. Ukiisugua kavu unaigeuza vumbi, na vumbi hilo linaharibu ubongo wa mtoto mdogo. Inafanywa kwa maji, chumba kimefunikwa kwa nailoni, na mtu aliyefundishwa. Ukiwa na mtoto na rangi ya dirishani inabanduka, usibandue mwenyewe. Dai kipimo.

Katika wiki zile mbili Mama alikuwa anatupikia na kutusimulia. Alikuja hapa mwaka 1958, mtoto wa miaka kumi, na wazazi wake kutoka South Carolina. Alinionyesha chumba kidogo nyuma ya jiko, kitanda kikiingia hakuna pa kugeukia. Alipohamia, alimuuliza mama yake kwa nini chumba hiki ni kidogo namna hii. Kilikuwa cha mtumishi. Jengo lilijengwa kwa ajili ya familia za Kizungu za kipato cha kati, wenye kuweza kuajiri msichana wa kazi. Kwenye sakafu ya chumba cha kulia, katikati ya mbao, bado kuna kitufe cha shaba kilichochakaa. Bibi mwenye nyumba wa enzi hizo alikuwa akikikanyaga kwa ncha ya kiatu chini ya meza, kengele inalia jikoni, chakula kinaletwa. Nyaya zilikatwa zamani. Mama na wadogo zake walikuwa wakikikanyaga kwa zamu na kucheka. Mama yake hakucheka hata siku moja. Huko South Carolina alikuwa msichana wa kuitwa kwa kengele.

Wamarekani Weusi hawakukaribishwa kwenye majengo haya. Wajenzi walijenga kupita kiasi, bei za nyumba Harlem zikaanguka miaka ya 1904 na 1905, na Philip Payton, mfanyabiashara Mweusi, akaona mlango: akawaambia wenye majengo matupu kwamba anao wapangaji wa kuyajaza. Mlango ulifunguka mtaa kwa mtaa, na kwa miaka mingi. Graham Court ilikubali wapangaji Weusi mwaka 1928 tu. Nenda Edgecombe Avenue namba 409 uone palipokaa mwanazuoni W.E.B. Du Bois na mwanasheria Thurgood Marshall, wapigania haki za Weusi. Panda hadi namba 555, jengo la 1916, alikokaa Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi, baada ya mlango ule nao kufunguka. Robeson, ambaye miaka ya 1930 alisoma Kiswahili kule London. Kila nikipita pale nasema salamu moyoni, kwa lugha hii hii.

Lakini simulizi ya Mama niliyoishika zaidi ni ya miaka ya 1970. Mwenye jengo aliacha kulipa kodi, akaacha kununua mafuta ya boila, mwishowe akaacha kuonekana. Baridi ya mwaka 1977 walikaa na oveni wazi. Wezi walikuwa wakiingia usiku kung'oa mabomba ya shaba, kwa hiyo wapangaji wakapangana zamu, watu wawili na thermosi ya kahawa, wanalala kwenye marumaru ya ukumbi wa kuingilia. Jiji likatwaa jengo kama lilivyotwaa maelfu mengine. Kuanzia 1978 kulikuwa na mpango wa kuwaachia wapangaji waliendeshe wenyewe, na walioweza wakauziwa, kila familia nyumba yake kwa dola 250. Mama ameitunza stakabadhi ya 250 zake kwenye bahasha ya plastiki, pamoja na cheti cha ndoa.

"Watu wanasema tulipewa bure," aliniambia. "Waambie walale kwenye marumaru baridi hii."

Kwa hiyo mwajiri wangu ni wapangaji wenyewe, ushirika wao. Na miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa mwaka, wakaleta hoja: tuezeke ua kwa vioo au bati, tupate stoo ya baiskeli na mizigo. Walioileta walikuwa wakazi wapya, watu wazuri, wana watoto na hawana pa kuweka vitu. Mmoja wao alisema maneno yale yale niliyoyawaza siku yangu ya kwanza, kwamba nafasi ile imekaa bure.

Sikuwa na kura, lakini niliomba kusema. Niliwaambia kuhusu dirisha la Orchard Street. Niliwaambia nyumba tano za ghorofa ya kwanza zina vyumba saba ambavyo dirisha lake pekee liko uani, na kwamba mwezi Juni jua linagusa saruji kule chini muda mfupi tu, mimi ninajua kwa sababu nafagia. Niliwaambia ukingo wa paa ni bati, kila mtu akacheka kwa kutoamini, na kwamba aliyeujenga ukingo ule angeezeka ua siku hiyo hiyo kama angeruhusiwa. Mhandisi wao akathibitisha kwamba hata leo sheria ya jimbo ya mwaka 1929, iliyochukua nafasi ya ile ya 1901, isingewaruhusu kuviziba vyumba hivyo. Hoja ikafa. Lakini baiskeli zilikuwa bado zimejaa kwenye korido, na korido ndiyo njia ya kukimbilia moto ukitokea. Nao walikuwa na haki.

Nikawapeleka kwenye chumba ambacho wengi wao hawakujua kipo. Kiko chini ya kibaraza cha mbele, hakina dirisha, kina mfuniko wa chuma darini unaofungukia barabarani. Ndiyo stoo ya makaa ya mawe. Gari lilikuwa linamwaga makaa kupitia mfuniko ule, na mtu mwenye kazi yangu akiyachota kwa sepeto hadi kwenye boila. Tangu boila ilipogeuzwa kuwa ya mafuta hakuna aliyekitumia. Nilikisafisha siku tatu, na siku ya tatu maji ya ndoo bado yalikuwa meusi. Sasa baiskeli 18 zinaning'inia humo kwa kulabu.

Ukuta mmoja sikuupaka rangi. Nilipoufuta nilikuta alama za chaki, mistari minne minne iliyokatwa na wa tano, safu kwa safu hadi usawa wa kifua changu. Mtu alikuwa anahesabu magari ya makaa. Kuna mahali mistari imekaribiana sana, nadhani ni baridi kali ya mwaka fulani. Nimepigilia kipande cha kioo mbele yake ili mipini ya baiskeli isiikwaruze.